Chakula Kinachoweza Kusubiri: Niliyojifunza Kati ya Jiko la Nyumbani na Jiko la Kambini

Mpishi wa Dar es Salaam hupika akijua, hata pasipo kuliwaza jambo lenyewe, kwamba duka la Mangi liko hatua chache kutoka mlangoni. Chumvi ikiisha, mtoto hutumwa. Nyanya zikipungua, genge liko kona. Gesi ikikata katikati ya pilau, kijana wa bodaboda huleta mtungi mwingine kabla mchele haujaharibika. Nimepika kwa namna hiyo kwa miaka yote niliyoishi Tabata, na nyumbani kwangu hakuna aliyelala na njaa. Kwa sababu hiyo, majirani na wafanyakazi wenzangu walipoanzisha kikundi cha kutembea milimani na kulala kwenye mahema, jiko lilikabidhiwa kwangu pasipo mjadala, nami nikalipokea kama kazi ninayoifanya kila siku. Ninayoyaeleza hapa yamegharimu chakula kilichomwagwa, fedha za watu na maneno makali machache, na ninayaandika kwa ajili ya yeyote atakayekabidhiwa sufuria ya watu thelathini mahali ambapo hakuna Mangi.

Niseme kwanza kwamba hatukutaka chakula cha makopo, wala mikate na soda. Wapo wanaokwenda kambini na tambi za dakika tatu na biskuti, na sina ugomvi nao, lakini kundi letu lina watu wa makamo wanaotaka kushiba kama walivyozoea kushiba kwao: wali na maharage, makande, mtori, ndizi nyama, ugali na dagaa. Mtu aliyetembea kutwa na begi mgongoni, kisha jua likazama na baridi ikamwingia, hutulia akiona chakula anachokijua tangu utotoni, na mpishi anayelielewa hilo ameshamaliza nusu ya kazi ya kupanga. Nusu ya pili ndiyo iliyotusumbua.

Safari yetu ya kwanza haikuwa ya mbali. Tulikwenda msitu wa Pugu, upande wa Kisarawe, ambako mtu wa Dar es Salaam anaweza kwenda asubuhi na kurudi jioni, ingawa sisi tulipanga kulala. Kiongozi wa safari alishauri chakula chote kipikwe nyumbani alfajiri ili tukifika ibaki kazi ya kupakua tu, na wote tuliona ni busara. Tulipika wali wa nazi na maharage ya nazi, tukazifunga sufuria kwa vitenge na kuzipanga nyuma ya gari. Kisha yakaja mambo ya Dar: wenzetu wawili walichelewa kituoni, foleni ya Gongo la Mboto ikatushika, na tulipofika watu wakataka kwanza kuuzunguka msitu kabla ya kula. Chakula kilifunuliwa alasiri.

Maharage yalikuwa na povu jeupe jembamba lililozunguka ukingo wa sufuria, na katikati vipovu vilikuwa vikipanda na kupasuka kimojakimoja ilhali hapakuwa na moto chini. Kila aliyekulia pwani anaijua harufu ile. Wali haukuwa na harufu ya kutisha, lakini nilipouchota kwa upawa, punje zilikuwa zimeanza kuteleza na kuvuta nyuzi. Mwenzetu mmoja akashauri tuvichemshe tena vyote viwili, kwa kuwa moto huua kila kitu, na njaa ilikuwa imefika mahali ambapo ushauri wa namna hiyo unapata wafuasi wengi.

Moto hauui kila kitu, na jambo hili linafaa lifahamike vizuri kwa sababu huwadhuru watu hata majumbani. Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye mbegu zake hustahimili kuchemshwa. Wali ukikaa katika hali ya uvuguvugu kwa saa kadhaa, mbegu hizo huamka na kuzaliana, na baadhi ya bakteria hao hutengeneza sumu ambayo haiharibiki kwa kupashwa moto upya. Chakula kilichopikwa kinatakiwa kiwe ama cha moto kweli, yaani nyuzi 60 za Selsiasi na zaidi, ama cha baridi kweli, yaani chini ya nyuzi 5. Katikati ya hapo, hasa kwa joto letu la Dar es Salaam, saa mbili ni nyingi. Sufuria iliyofungwa kitenge na kusafirishwa kwenye gari lililopigwa na jua hukaa humo humo katikati. Bibi zetu wa pwani hawakumjua bakteria huyo kwa jina, lakini walijua kwamba chakula cha nazi hakilali, na ndiyo sababu walipika wali wa nazi wa kuliwa na kumalizika.

Tulimwaga chakula chote, tukanunua mihogo ya kukaanga na chipsi kando ya barabara, na mchango wa watu ukaisha kabla ya chakula cha usiku. Tangu hapo tui halipandi gari letu. Anayetaka nazi kambini hubeba nazi kavu nzima, ambayo haina haja ya barafu, pamoja na mbuzi ya kukunia na chujio. Tui jepesi huingia mapema, na tui zito, lile kasimile, huingia mwishoni kabisa, dakika chache kabla ya kupakua. Unga wa tui unaouzwa madukani nao unafaa kwa asiyetaka kubeba mbuzi, ijapokuwa mama mkwe wangu akisoma sentensi hii nitakuwa na maelezo ya kutoa.

Baada ya Pugu tuliona kwamba dawa ni kupika kila kitu huko huko kambini. Hapo ndipo tulipokwenda Lushoto.

Lushoto iko katika Milima ya Usambara, takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na anayetoka Dar es Salaam hupita Chalinze na Segera hadi Mombo, kisha huiacha barabara kuu na kuanza kupanda kona kwa kona. Tulikwenda Julai, wakati usiku wa huko humfanya mtu wa Dar akumbuke kwamba ana sweta. Tulifika saa kumi jioni, tukafunga mahema, na saa kumi na mbili nikabandika maharage ambayo nilikuwa nimeyaloweka njiani kwenye ndoo. Nyumbani, maharage yaliyolowekwa huiva kwa muda wa saa moja na kidogo. Saa mbili usiku yalikuwa magumu. Saa tatu yalikuwa yamelainika ganda tu, na ukilibonyeza harage moja kati ya kidole gumba na cha shahada, lilipasuka vipande viwili vyeupe vyenye ungaunga katikati. Mtungi mkubwa wa gesi ulikuwa umeanza kutoa jasho la baridi ubavuni na ndimi za moto zilikuwa zimepungua. Watu walikuwa wamejifunga mablanketi wakilizunguka jiko na sahani zao mikononi, na hakuna kitu kinachomnyima mpishi amani kama sahani tupu iliyoshikwa na mtu aliyenyamaza.

Maneno yalianza. Mmoja alisema angejua angebeba mkate wake. Mwingine akauliza, kwa sauti ya kusikika, fedha za mchango zilikwenda wapi. Mzee mmoja wa kundi letu ndiye aliyenisogelea na kuniambia taratibu, "Dada, hata uji utatutosha." Nilikuwa na hasira na aibu kwa pamoja, na sikumjibu vizuri, jambo ambalo nilimwomba radhi asubuhi yake.

Tuliokolewa na soko la Lushoto. Tulipopita pale mchana, dada mmoja wa kundi letu alishindwa kujizuia mbele ya mboga za Usambara na kununua viazi mviringo, karoti, kabichi na njegere kuliko zilivyohitajika. Tuliipua maharage, tukamenya viazi watu kumi kwa wakati mmoja, tukavikatakata vidogo pamoja na karoti, tukavitia katika maji yaliyokuwa tayari yanachemka na kitunguu kilichokaangwa, na vilipoiva tukaviponda nusu na kukoroga humo karanga za kusaga. Haikuzidi dakika arobaini kuanzia kumenya. Supu ile nzito, ya moto, yenye pilipili manga, ndiyo chakula ambacho kundi letu hukitaja hadi leo, na mara nyingine husahau kabisa kwamba hakikuwa kimepangwa.

Sababu za maharage kukataa kuiva nilizijua baadaye, na zilikuwa zaidi ya moja. Ya kwanza ni urefu wa mahali penyewe. Maji ya Dar es Salaam huchemka yakifika nyuzi 100 kwa sababu tuko usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 300 hivi, kiwango hicho hushuka kwa takribani nyuzi moja, kwa hiyo Lushoto maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi na hayapandi zaidi ya hapo hata uwashe moto wa namna gani. Jicho linaona sufuria inatokota kwa nguvu na kudhani kazi inafanyika kama kawaida, kumbe chakula kinapikwa kwa joto dogo zaidi. Viazi vilivyokatwa vidogo havijali sana tofauti hiyo, lakini maharage na mahindi makavu huijali mno. Ya pili ni umri wa maharage yenyewe. Muuzaji niliyeyanunua kwake aliapa kwamba ni mapya, lakini maharage yaliyokaa muda mrefu ghalani kwenye joto na unyevunyevu huwa magumu kuiva hata yakilowekwa, na kwa macho tu ni vigumu kuyatofautisha. Siku hizi ninaponunua, hupika kikombe kimoja nyumbani wiki moja kabla ya safari. Yakinichelewesha Tabata, hayaendi mlimani. Ya tatu ni nyanya. Msaidizi wangu alikuwa ametia nyanya mapema ili kuokoa muda, na uchachu wa nyanya au ndimu huchelewesha maharage kulainika. Nyanya zingoje hadi harage limeiva kabisa.

Kulikuwa na pendekezo la kutia magadi, na ni kweli kwamba magadi hulainisha maharage, lakini yakizidi huleta ladha ya sabuni na kuharibu sehemu ya vitamini. Kulikuwa pia na pendekezo la kuyala hivyo hivyo, na hilo ndilo nililolikataa katakata. Maharage, hasa yale mekundu, yana kitu cha asili ndani yake ambacho huleta kutapika na kuharisha yakiliwa bila kuiva, na kuyaacha kwenye moto mdogo usiochemsha hakusaidii. Ni lazima yachemke hasa, kwa nusu saa ili kuwa na uhakika, na maji ya kulowekea yamwagwe.

Niliporudi Dar es Salaam nilikuwa nimeazimia kuwaachia jiko wengine. Aliyenibadilisha mawazo ni mama mkubwa wangu, aliyeolewa Upareni na kuishi Same zaidi ya nusu ya maisha yake, ambako makande si chakula cha kukisia. Nilimsimulia yote, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Mwanangu, nani alikutuma kubandika maharage usiku? Maharage ya leo hupikwa jana." Siku ya pili yake alinipikisha.

Alitumia mahindi yaliyokobolewa, vipimo viwili kwa kimoja cha maharage, akaviloweka usiku kucha katika vyombo tofauti kwa sababu mahindi hutangulia motoni. Asubuhi aliyamwaga maji, akayasugua mahindi kwa viganja viwili ndani ya maji mapya mpaka ngozi chache zilizobaki zikaelea juu kama makapi, akaziengua. Alibandika mahindi kwanza, na maharage yakafuata yalipokuwa yameanza kupasuka midomo. Baada ya kuchemka pamoja kwa nusu saa kamili, wakati mimi nilidhani ndiyo kwanza kazi inaanza, aliipua sufuria ikiwa imefunikwa vizuri, akaiingiza katika kapu kubwa la ukindu alilokuwa amelitandika blanketi kuukuu na vipande vya godoro la sponji, akaijaza kando kote, akaiwekea mto juu, akaenda zake kulala. Sikuruhusiwa kufunua. Alasiri tulipoitoa, mfuniko ulikuwa bado hauguswi kwa mkono mtupu, na mahindi yalikuwa yamechanua kama maua, laini, yakiwa yamekunywa karibu maji yote. Aliirudisha motoni ichemke tena, akaiunga kwa vitunguu na karanga.

Kapu lile ndilo lililotuokoa, lakini lina masharti yake. Sufuria iwe imejaa au ikaribie kujaa, kwa sababu chakula kidogo hupoa haraka, mfuniko ubane, chakula kiwe kimechemka kwa nguvu kabla ya kuingia, kisifunuliwe njiani kwa ajili ya kuonja, na kikitoka kichemshwe upya kabla ya kuliwa. Kikitoka kikiwa cha vuguvugu kinachoruhusu kidole, ama kapu lilikuwa na mwanya ama sufuria ilikuwa pungufu, na chakula hicho sikipakulii watu. Nilinunua kipimajoto cha jikoni Kariakoo ili nisitegemee kidole changu, na ningemshauri kila anayepikia watu wengi afanye hivyo.

Safari iliyofuata ya Lushoto, makande yaliiva barabarani. Niliyachemsha Tabata alfajiri ya giza, nikayafungia kapuni, tukayapakia kwenye Kosta katikati ya mabegi, na wakati watu wakila mahindi ya kuchoma Chalinze na kulalamikia kona za Mombo, sufuria ilikuwa ikifanya kazi yake. Tulipofika ilibaki kuchemsha na kuunga. Watu walikula kabla hata mahema yote hayajasimama.

Kutokana na hayo nimekuja kuvipima vyakula vya kambini kwa swali moja tu: kinaweza kusubiri? Kambini hakuna anayefika kwa wakati. Kuna atakayechelewa mlimani, kuna aliyeumia kifundo na wenzake wanaomsindikiza, kuna mvua. Makande husubiri, na saa moja ya ziada juu ya moto mdogo huyaongezea utamu. Supu ya kwato husubiri kuliko vyote. Mtori husubiri, ingawa huzidi kuganda na kuhitaji maji ya moto kidogo kila baada ya muda. Chapati zilizopikwa Dar na kufungwa vizuri hufika siku ya pili zikiwa nzuri, na zikipashwa juu ya kikaango hurudia ulaini wake. Wali husubiri kidogo ndani ya hotipoti nzuri na si zaidi. Ugali hausubiri mtu: husongwa watu wakiwa wamekwisha kunawa mikono, na yeyote atakayechelewa atakula kitu kingine. Nimekataa kabisa kusonga ugali kwa ahadi ya simu kwamba "tuko karibu."

Kazi kubwa ya jiko la kambini, kwa hiyo, hufanyika nyumbani siku mbili kabla. Vitunguu, nyanya, hoho, tangawizi na kitunguu saumu huvikaanga kwa wingi mpaka maji yote yakauke na mafuta yajitenge pembeni, kisha huvipoza upesi katika sinia pana, nikavigawa kwenye mifuko midogo na kuvigandisha. Nyama huichemsha kwa chumvi na tangawizi hadi ilainike, nikaigandisha vivyo hivyo pamoja na supu yake. Mifuko hiyo iliyoganda ndiyo barafu ya deli langu, kwa hiyo sibebi barafu ya bure. Nyama huliwa usiku wa kwanza, rojo hadi siku ya pili, na baada ya hapo tunahamia kwenye vikavu. Dagaa huwachambua vichwa, nikawakaanga wakavu kwa chumvi na ndimu hadi wavunjike kwa kidole, nao hukaa kwenye ndoo yenye mfuniko bila wasiwasi. Ng'onda ni wazuri pia, mradi wenye mahema ya jirani wawe watu wenye uvumilivu wa harufu. Samaki wabichi wa Feri hubaki Dar. Kuku, akitakiwa, hununuliwa akiwa hai huko huko tunakokwenda, kwa kuwa kuku hai hana haja ya barafu.

Kuhusu vipimo, hesabu ya nyumbani haifai kambini. Kilo moja ya mchele, ambayo nyumbani hutosha watu wanane wenye mboga za kutosha, kambini huwatosha watano. Kilo ya sembe ni ya watu wanne. Kilo moja ya mahindi yaliyokobolewa na nusu kilo ya maharage huwashibisha saba hadi wanane. Maji ya kunywa na kupikia huyakadiria lita tano kwa mtu kwa siku, yaani dumu moja la lita ishirini kwa watu wanne, mbali na ya kuoshea vyombo, na hapo ndipo wengi hupunja. Chumvi hubebwa katika vyombo viwili, kila kimoja kwenye begi tofauti, na viberiti kadhalika.

Fedha nazo zizungumzwe mapema na kwa uwazi. Sisi huchangishana shilingi 30,000 kila mtu kwa milo ya siku mbili, na nyama peke yake humeza karibu theluthi ya fungu. Tangu lile swali la usiku wa Lushoto, kila manunuzi yana karatasi yake na orodha husomwa kwenye Kosta kabla ya kufika Kibaha. Sehemu ya kumi ya fungu huwa haiguswi hadi siku ya kurudi. Ikibaki, watu hurudishiwa au hununuliwa mboga za kupeleka nyumbani, na mbele ya masoko ya Usambara, mara zote hununuliwa mboga.

Kuhusu moto sitanii. Hatukati kuni katika hifadhi za misitu, na mkaa tunautumia kidogo, kwa hiyo jiko letu ni la gesi: mtungi mmoja mkubwa na mmoja mdogo wa kilo 6 wa akiba. Kabla ya kuondoka huupima kwa mizani na kulinganisha na uzito wa mtungi mtupu uliochapwa juu yake, kwa kuwa kuutikisa hakumwambii mtu kitu. Maungio hupakwa povu la sabuni ili kuona kama gesi inavuja. Mtungi husafiri wima, mahali penye hewa, kwenye gari dogo la mizigo na si ndani ya Kosta pamoja na abiria. Usiku wa baridi, mtungi unaotumika kwa nguvu hupoa na moto hupungua, kama tulivyouona ukitoka jasho; dawa yake ni kupumzisha na kutumia ule mwingine, na kamwe si kuusogeza karibu na moto. Jambo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Baridi ikizidi, kuna mtu atakayetaka kuingiza jiko la mkaa ndani ya hema ili apate joto. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu wakiwa usingizini hata pale makaa yanapoonekana yamekaribia kuzimika. Katika kundi letu, jiko linalowaka halivuki mlango wa hema, la mkaa wala la gesi, na hilo halina mjadala.

Nyumbani nako mambo yamebadilika. Kapu la mama mkubwa limepata mwenzake jikoni kwangu, na maharage ya familia sasa huchemka nusu saa asubuhi kabla sijaenda kazini, yakaiva yenyewe, na jioni huchemshwa upya na kuungwa. Mtungi wa gesi uliokuwa ukiisha kabla ya mwezi sasa unauvuka. Mlimani nimeongeza sufuria ya presha, ambayo hupandisha joto la kuchemkia na kufuta ile hasara ya nyuzi tano za Lushoto, ingawa ni ndogo mno kwa watu thelathini na hutumika kwa maharage ya siku ya pili tu.

Kilichobaki bila suluhu ni ugomvi wa makande yenyewe. Watu wa Tanga na Bagamoyo katika kundi letu hawakubali makande yasiyo na nazi. Walioishi Upareni na Uchagani wanataka karanga, na wengine maziwa mgando pembeni. Waliosoma shule za bweni wanayala makavu na parachichi na hawataki kusikia habari nyingine. Kwa muda nilijaribu kuamua kwa niaba yao. Sasa sufuria kubwa haitiwi kitu zaidi ya chumvi na kitunguu, kasimile hukunwa na kuchujwa pembeni na kuchemshwa katika sufuria yake ndogo, karanga huwekwa kwenye bakuli, maziwa kwenye jagi, parachichi juu ya sinia, na kila mtu anaunga ya kwake.